Si Kitu

Kila mtu ana neno lake la kujikwaa. Mwongera, Mmeru anayelima shamba la jirani kule Burat, akigonga kidole kwenye jiwe huita "Ngai!" hata kama wiki nzima hakumkumbuka Mungu kwa lolote. Arero, Mborana wa mjini, huita "Bismillahi!" Vijana wa stendi ya Isiolo wana maneno yao, na hayo tuyaache hukohuko stendi. Mzee Ewesit yeye aliita "Loreng!"

Loreng alikuwa ng'ombe. Maksai mwekundu wa ujana wake, kule Oldonyiro. Kwa Waturkana mwanamume huwa na maksai wake wa moyoni, humtungia wimbo, huinua mikono juu akicheza mfano wa pembe zake, na akirusha mkuki au akianguka au akishtuka, jina la maksai huyo ndilo linalomtoka. Ndiyo maana wazee wenzake walimwita Apaloreng, baba wa Loreng. Ng'ombe mwenyewe alikufa kwa kiangazi kabla hata binti wa mzee, Akidor, hajazaliwa, fisi wakamaliza mifupa, lakini jina lilibaki. Mzee akichomwa na mwiba, Loreng! Akipiga chafya, Loreng! Akiinuka kutoka kwenye kigoda chake huku magoti yakilalamika, Loreng! Alikuwa mzee wa kanisa pia, na mchungaji alimsihi mara nyingi aite Yesu badala ya mnyama.

"Yesu namwita kwa mambo makubwa," mzee alimjibu. "Kujikwaa ni kazi ya Loreng."

Mchungaji alicheka na mambo yakaishia hapo. Na kweli yangeishia hapo, kama si Akidor na mashine yake.

Akidor alikuwa mhandisi. Alisomea Nairobi, na serikali ya kaunti ilipoanza kupata nguvu, kikafunguliwa kituo cha ubunifu pale Isiolo mjini, akarudi nyumbani kufanya kazi humo na Arero. Kazi yao ilikuwa kutengeneza mashine zinazowaza kwa namna ubongo unavyowaza. Watu walisikia hivyo wakamwogopa kidogo, wengine wakamwombea. Mama yake alipofariki, mzee akabaki peke yake na mbuzi, Akidor alimbembeleza ahamie mjini hadi akachoka.

"Na mbuzi zangu zitakaa wapi?" mzee aliuliza. "Kwa balkoni yako?"

Basi Akidor akatengeneza kitu kidogo, hakizidi kiberiti, akakipandisha juu ya boriti ya jikoni, chenye taa ya kijani kama punje ya mtama. Akakiita Sikio. Siku alipokileta, mzee alikaa chini akimtazama anavyohangaika juu ya ngazi.

"Hii kitu inakula nini?"

"Jua tu, Apa. Kipande cha sola kama kiganja chako kinaitosha."

"Na simu yangu, mbona inakula umeme kama nguruwe?"

Hapo ndipo Akidor alipopata la kusema, na Akidor akipata la kusema kuhusu ubongo, ewe, tafuta kigoda ukae. Akashuka ngazi. Akamweleza kwamba kompyuta ya kawaida ni kama askari mwenye wasiwasi, inakagua kila kona kila dakika hata pasipo na mtu, kwa hiyo inachoka na kula sana. Ubongo haukulelewa hivyo. Ubongo ulikulia kwenye njaa. Viumbe wa kwanza waliokuwa na nyuzi chache za neva walikuwa majini huko, chakula hakipatikani, adui yuko kila upande, na aliyepoteza nguvu kwa kuwaza mambo yasiyo na maana alikufa. Waliobaki ni wale ambao neva zao zilinyamaza kimya mpaka kitu kibadilike. Hata konokono wa baharini, akamwambia, ukimgusa mara ya kwanza hujikunyata. Mguse tena na tena, anaacha.

"Anakuzoea," mzee alisema.

"Ndiyo hasa. Anazoea."

"Kumbe miaka yote ile Nairobi ulikuwa unasoma konokono!"

Walicheka wote wawili. Akidor akaendelea, maana alikuwa amenoga. Akamwambia ubongo haukujengwa siku moja, ni kama boma hili la Burat. Kwanza mzee alijenga chumba cha udongo na mama yake Akidor. Kisha akaunganisha cha mabati. Mwisho Akidor mwenyewe akaongeza mbele chumba cha mawe, chenye vigae.

"Uliponiona najenga cha mawe, ulibomoa cha udongo?"

"Nibomoe kwa nini, na ndiyo jikoni?"

"Basi na kichwa ni hivyo hivyo. Ya kale hayakubomolewa, yaliongezewa tu. Aliyokuwa nayo samaki bado unayo humo ndani, na yanafanya kazi."

"Sisi si watu wa kula samaki," mzee alisema, "na wewe unaniambia nimebeba mmoja kwa kichwa."

Kabla hajaondoka jioni hiyo, Akidor alimwonyesha ile taa ya kijani na kumpa ahadi yake. "Ukiita tu, Apa, nitasikia. Popote nilipo." Mzee aliitazama ile taa, akatikisa kichwa kukubali. Hakuuliza tena, kwa sababu neno la mtoto wake lilimtosha.

Sasa, Sikio lilikuwa linafundishwa hivi. Likisikia sauti ngeni, linamtumia Akidor ujumbe kwenye simu: Sauti ngeni. KITU au SI KITU? Akijibu KITU, ule uzi wa ndani uliobeba sauti hiyo unanenepa. Akijibu SI KITU, unakonda, na ukikonda vya kutosha, Sikio haliishughulikii tena sauti ile. Ni kama ubongo unavyofanya, hakuna uchawi. Mwanzoni lilikuwa kama mtoto mchanga, linashtushwa na kila jambo. Punda wa Mwongera: si kitu. Kinanda cha kanisa: si kitu. Mbuzi: si kitu. Wanajeshi wa kambini wakifanya mazoezi ya kulenga shabaha, risasi zikilia kutwa: si kitu. Arero alicheka mpaka akashika meza.

"Hilo Sikio sasa ni mwenyeji kabisa," alisema. "Limezoea risasi!"

Neno moja tu ndilo lililogoma. Loreng. Sauti ya mwanamume, kali, yenye mshtuko ndani yake, inatoka ghafla mahali palipokuwa kimya. Ukiliuliza Sikio, hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya hatari hasa, na halikukosea. Mara ya kwanza Akidor alikurupuka mkutanoni akakimbilia nje na simu sikioni.

"Apa! Ni nini?"

"Ni mwiba."

Mara nyingine ilikuwa kigoda. Mara nyingine chai imemwagika. Mara nyingine mzee alikuwa anaimba tu, amemkumbuka ng'ombe wake. Mwanzoni Akidor alikuwa anapiga simu kwanza, wanaongea kidogo, mzee anamweleza mbuzi gani amezaa na nani amefariki huko Merti, kisha ndipo anajibu SI KITU. Baadaye akawa anajibu kwanza na kupiga simu jioni. Baadaye akawa anajibu tu. Ikafika mahali kidole gumba kinajibu chenyewe, mwenyewe yuko mezani anacheka na wenzake.

Arero aliona. Hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Akidor, hilo neno usilizime. Kuna Loreng ya chai na kuna Loreng ya shida, hata mimi nikisikia nitazitofautisha. Nenda Burat ukae na mzee, siku kadhaa tu. Tulifundishe polepole."

"Nitaenda wageni wa kaunti wakishapita."

Wageni wa kaunti! Hao wakipita wa maji, wanakuja wa mifugo. Wakipita wa mifugo, wanakuja wa afya na koti zao. Akidor hakwenda. Alijibu SI KITU, na SI KITU, na SI KITU, ujumbe ukaanza kuja mara moja moja, kisha ukakatika kabisa. Na kwa kuwa walikuwa wamezoea kuongea Sikio likilia, basi Sikio liliponyamaza na mazungumzo yao yakanyamaza. Yeye alisema kazi imekuwa nyepesi. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na aliyetangulia kumzoea mzee hakuwa ile mashine.

Asubuhi ile mzee Ewesit alipoanguka, Akidor alikuwa amesimama mbele ya watu katika ukumbi wa hoteli moja ya mjini, maikrofoni mkononi, picha ya Sikio imetandazwa ukutani. Aliwaeleza historia ya ubongo kutoka kwa konokono hadi kwa binadamu, na wakubwa wakatikisa vichwa. Kisha akasema lile neno lake alilolipenda kuliko yote.

"Akili si kusikia kila kitu. Akili ni kujua cha kupuuza." Akainua simu yake juu. "Tangu mvua za mwezi wa nne, simu hii imetulia. Baba yangu yuko Burat, na mimi nina amani."

Walimpigia makofi. Alikuwa bado anashikana mikono na wageni, sahani ya pilau inamngoja, Mwongera alipopiga simu.

"Akidor, kuja. Mzee ameanguka. Tunampeleka hospitali saa hii."

Na unajua alijibu nini? Hakuuliza yu hai au vipi. Alisema, "Haiwezekani. Sikio halijaniambia."

"Kuja tu, mwanangu," Mwongera alisema.

Alimkuta baba yake kitandani, mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kulia umelala kando yake kama si wake. Kiharusi. Daktari, dada mpole mwenye macho ya kuchoka, alimwuliza swali moja tu la kwanza.

"Alianguka saa ngapi?"

Mzee huyu alikuwa na mashine juu ya kichwa chake iliyotengenezwa ili saa hiyo ijulikane, na hakuna mtu duniani aliyeijua. Daktari akasema kwamba damu iliganda ndani ya ubongo, kwamba kuna dawa ya kuiyeyusha, lakini dawa hiyo haingoji, na mgonjwa angeletwa mapema pengine angekimbizwa mahali inapopatikana. Hakusema kwa kulaumu. Ingekuwa afadhali angelaumu.

Kwenye korido alikaa Makandi, mke wa Mwongera, na leso yake imelowa machozi. "Tulimsikia," alisema, akimshika Akidor mkono. "Nilikuwa nakata sukuma wiki shambani, nikamsikia anaita Loreng, Loreng. Nikamwambia Mwongera, leo mzee anamwimbia ng'ombe wake sana. Tukaendelea na kazi. Nisamehe, Akidor. Tumemzoea."

"Nani alimwona, sasa?"

"Mbuzi. Mzee alikuwa amewafungulia zizi, lakini hawakwenda malishoni. Walijaa mlangoni pa jikoni, wanalia tu. Nilienda kuwafukuza wasiingie kwa sukuma yangu, ndiyo nikaona miguu yake."

Akidor aliinama akafunika uso. Mbuzi! Ubongo wa mbuzi unaenea kiganjani, na bado hawakumzoea mtu wao.

Kesho yake alienda Burat kumchukulia mzee blanketi. Jua lilikuwa kali, mlango wa jikoni wazi, kile kigoda kimelala kwa ubavu. Juu ya boriti taa ya kijani ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Hakuna kilichoharibika. Hilo ndilo lililomwuma, kwamba hakuna kilichoharibika.

Akashika simu mkononi. Akasema, "Loreng." Simu kimya. Akaita kwa nguvu, "Loreng!" Kimya. Akaita kama anayeanguka, kama anayekufa, akapaza sauti mpaka mbwa wa Mwongera wakabweka huko shambani, "Loreng! Loreng!" Simu haikutikisika hata kidogo. Basi kwa hasira akachukua kifuniko cha sufuria akakitupa ukutani. Papo hapo simu ikatetema kiganjani.

Sauti ngeni. KITU au SI KITU?

Aliketi chini sakafuni, palepale alipoangukia baba yake, akaegemeza kichwa kwenye udongo. Kutoka hapo chini uliona boriti, na taa ile. Huwezi kulala mahali pale usiione. Mzee alilala akiitazama asubuhi nzima, na aliahidiwa kwamba akiita tu atasikika. Pengine Loreng ya kwanza ilikuwa ya kushtuka. Lakini zile zilizofuata, zile alizosikia Makandi akidhani ni wimbo, zilikuwa za nani? Alikuwa anamwita binti yake, kwa neno alilokuwa nalo, naye binti yake alikuwa ukumbini anapigiwa makofi kwa kutosikia. Sikio la kufa halisikii dawa, tunasema. Lile sikio halikuwa la kufa. Lilifundishwa na mwenyewe, jibu kwa jibu, na mwanafunzi alifaulu. Akidor akalia pale sakafuni kwa sauti, na Sikio likamwuliza kama kilio hicho ni kitu au si kitu.

Mzee hakufa. Siku za kwanza alikuwa kimya, macho tu yanazunguka. Kisha asubuhi moja, nesi akimgeuza, alifungua mdomo wake uliopinda.

"Loreng," alisema.

Wodi nzima ilifurahi. Akidor alimshika mkono ule mzima. "Apa! Sema tena. Unataka nini?"

"Loreng."

"Unasikia wapi maumivu?"

"Loreng. Loreng." Na machozi yakamtoka mzee, kwa sababu alijua anachotaka kusema, na kila alipokinyooshea mkono lilikuja lile lile.

Daktari alieleza polepole kwamba sehemu ya ubongo inayopanga maneno imeharibika, na kwamba mara nyingine neno moja hubaki, la kuapa, la sala, la wimbo, neno ambalo mtu amelisema maisha yake yote mpaka limehifadhiwa mahali pengine. Akidor alikuwa anatikisa kichwa kabla hajamaliza. Alijua. Alikuwa amemweleza mzee mwenyewe, kwa kicheko, siku ile ya ngazi. Chumba cha mawe kilikuwa kimeanguka. Kiturkana chake, Kiswahili chake, Kimeru chake cha kumtania Mwongera, majina ya mbuzi na ya wajukuu wa dada zake, vyote vilikuwa mle. Kilichosimama ni kile chumba cha udongo, na ndani yake kulikuwa na neno moja. Na neno hilo moja, katika maneno yote ya dunia, ndilo Akidor alilolijibu si kitu mpaka likazimika.

Alihamia Burat. Kituo kilimruhusu afanyie kazi huko, ingawa kazi yenyewe aliifanya kidogo. Jambo la kwanza alilolifanya ni kulifundisha Sikio upya. Kila mzee akisema Loreng, simu ikauliza, Akidor akajibu KITU. Loreng: KITU. Loreng: KITU. Ule uzi ukanenepa, ukanenepa kupita nyuzi zote, mpaka simu ikawa inatetema kutwa nzima mfukoni mwake kama kitu chenye uhai.

Arero alikuja kuwatembelea, akawaletea maziwa ya ngamia. Alikaa, akasikiliza simu ikitetema, ikatetema tena, akashindwa kuvumilia.

"Akidor, sasa umeliharibu. Linalia kwa kila kitu. Halina faida yoyote."

"Liache."

"Uko naye hapa hapa, unamsikia kwa masikio yako. Simu ya nini tena?"

"Liache, Arero."

Akaliacha. Alimwamkia mzee, mzee akamjibu Loreng, naye akamwambia, "Amina, baba," kwa kuwa hakujua lingine la kusema.

Akidor alijifunza kidogo. Loreng fupi, ya puani, mara nyingi ilikuwa maji. Loreng ya kuvuta ilikuwa jua limemfikia, asogezwe kivulini. Loreng ya alfajiri huku ananyoosha kidole zizini, hiyo hata mtoto angeielewa. Arero alikuwa amesema kweli siku ile, zinatofautika. Zilitaka mtu akae tu. Lakini nyingine hakuzijua, na nyingi zilikuwa hizo, na mzee alikuwa anazisema huku akimtazama usoni, anangoja, kisha anageuza macho.

Asubuhi moja baada ya kumnywesha uji, Akidor alileta kigoda akaketi mbele yake pale nje. Mbuzi walikuwa wamekwenda na mtoto wa Mwongera. Alikuwa amelibeba neno hili tangu ile siku ya kifuniko cha sufuria, na kila siku alilipa sababu ya kungoja, kama alivyongoja wageni wapite.

"Apa," alisema. "Ulipoanguka, uliniita. Niliahidi nitasikia, na sikusikia. Si mashine, Apa. Ni mimi. Nilichoka na sauti yako nikaifundisha mashine ichoke nayo. Nisamehe."

Mzee alimtazama muda mrefu. Mdomo ulihangaika, ukatafuta upande huu, ukatafuta upande ule. Mkono wake wa kushoto ukapanda juu taratibu, umepinda kama pembe, kama alivyoinua mikono yake yote miwili zamani akicheza. Ule wa kulia ulibaki pajani.

"Loreng," alisema.

Haikuwa ile fupi. Haikuwa ile ya kuvuta. Akidor hakuwa ameisikia hiyo hata siku moja. Akainua kikombe cha maji, mzee akafumba midomo. Akataka kukivuta kiti kivulini, mzee hakutazama huko. Mkono ulikuwa bado juu, unatetemeka kwa uzito wake, na macho bado yako usoni pake.

"Umenisamehe, Apa? Au unanikatalia?"

"Loreng."

Mfukoni simu ikatetema. Hakuhitaji kuitoa ili ajue inauliza nini. Akaitoa, akaandika KITU kama kila siku, akaituma, akaiweka chini kwenye vumbi. Kisha akaupokea ule mkono wa baba yake kabla haujachoka na kuanguka.

"Nasikia, Apa," alisema, na mzee akageuza macho.